Nuru na Giza: Fundisho juu ya Mambo Yanayopingana

Mtoto anapojifunza kusema, hujifunza mambo mawili mawili. Huambiwa: hiki ni cha moto, hiki ni cha baridi; hiki kitamu, hiki kichungu; huyu mkubwa, huyu mdogo. Mtu mzima naye, akitaka kufahamu jambo, hutafuta kinyume chake. Yeye aliyelala na homa wiki mbili ndiye ajuaye afya ni nini. Na wazee wanapoketi kukata shauri, hawasikilizi upande mmoja tu. Husikiliza mshtaki, kisha mshtakiwa, na katika maneno mawili yanayopingana huitafuta kweli.

Wanafalsafa, maana yake wapenda hekima, wamefanya vivyo hivyo tangu zamani sana. Wametumia nuru na giza, mwili na roho, amani na vita, mmoja na wengi, ili wafahamu maisha ya mtu na maisha ya watu wakaao pamoja. Chombo hiki ni chema. Lakini kisu kikatacho nyama hukata na kidole. Mtu agawanyaye mambo yote sehemu mbili pasipo kupima aweza kufika mahali pabaya. Aweza kusema kwamba kuna miungu miwili, mmoja wa wema na mmoja wa ubaya. Aweza tena kusema kwamba kuna watu wa namna mbili, sisi wema na wale wabaya.

Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika, alianguka katika kosa hilo kabla ya kubatizwa. Safari yake yamfaa kila mkatekumeni, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa mkatekumeni kwa miaka mingi. Ili safari hiyo ifahamike vizuri, yafaa kwanza kuwasikiliza wenye hekima wawili waliomtangulia.

I. Upinde wa Heraklito

Mnamo mwaka 500 kabla ya Kristu aliishi mtu jina lake Heraklito katika mji wa Efeso. Ndio mji ule ule ambao Wakristu wake walipata baadaye barua ya Mtume Paulo. Heraklito aliitazama dunia, akaona kwamba mambo yanayopingana yamefungwa pamoja. Njaa ndiyo impayo mtu furaha ya kushiba, na uchovu ndio umpao utamu wa kupumzika. Njia ipandayo mlima na njia ishukayo ni njia moja.

Akatoa mfano wa upinde, na kila mwindaji aufahamu. Mti wa upinde wataka kunyoka, nao uzi waukataza. Huu wavuta huku, ule wavuta kule. Mtu aweza kusema: vitu hivi viwili vyagombana, heri viachanishwe. Basi aukate uzi. Mti utanyoka, ugomvi utakwisha, wala hakuna mshale utakaoruka tena. Nguvu ya upinde ilikuwa katika ule mvutano. Vivyo hivyo nyuzi za zeze: zisipovutwa, hazitoi sauti.

Katika mfano huu watu wa kijiji wapata fundisho la kwanza, ya kwamba si kila kupingana ni uadui. Mume na mke hawafanani. Wazee na vijana hawafanani. Wazee wasema, “Ngojeni”, vijana wasema, “Twende.” Kijiji cha wazee peke yao kingekosa miguu, na kijiji cha vijana peke yao kingekosa macho. Anayetaka kuuvunja upande mmoja ili mwingine ukae kwa raha, huyo amekata uzi wa upinde.

Lakini je, mfano wa upinde watosha kwa mambo yote? Ukweli na uongo je? Nyumba yahitaji mwongo mmoja ili ipate msema kweli? Kijiji chahitaji mwizi ili kiwe na mtu mwaminifu? Sivyo. Kwa hiyo kupingana si kwa namna moja, na mtu mwenye hekima hana budi kutenga namna hizo.

II. Namna nne za Aristoteli

Kazi ya kutenga ilifanywa na Aristoteli. Alizaliwa mwaka 384 kabla ya Kristu huko Stagira, kaskazini ya Ugiriki, akasoma miaka 20 katika shule ya Plato mjini Athene. Katika kitabu kidogo kiitwacho Kategoria, yaani makundi ya mambo, alionyesha kwamba vitu hupingana kwa namna nne.

Namna ya kwanza ni ya vitu vinavyotegemeana. Nusu ni kinyume cha maradufu. Mzazi ni mwingine, mtoto ni mwingine. Hata hivyo hakuna aitwaye mzazi pasipo mtoto, wala mtoto pasipo mzazi. Jina la huyu laegemea jina la yule.

Namna ya pili ni ya vitu viwili vilivyo mbalimbali kabisa, na vyote viwili vipo kweli. Mfano wake ni nyeupe na nyeusi. Katika vingi vya namna hii pana kitu cha katikati, kama vile rangi ya majivu ilivyo kati ya nyeupe na nyeusi.

Namna ya tatu ni kuwa na kitu na kukikosa. Mfano wake ni kuona na upofu. Upofu si kitu kilichotiwa ndani ya jicho kama mchanga. Upofu ni kukosa nguvu ya kuona pale ilipopaswa kuwapo. Aristoteli aliongeza neno la kuangaliwa sana: si kila kisichoona huitwa kipofu. Jiwe halioni, lakini hakuna alionealo huruma, kwa sababu jiwe halikuumbwa lione. Mtu asiyeona huitwa kipofu kwa sababu yampasa kuona.

Namna ya nne ni ndiyo na siyo. “Sokrate ameketi.” “Sokrate hakuketi.” Mojawapo ni kweli na lingine ni uongo, wala hapana katikati.

Faida ya kutenga hivi ni kubwa, kwa sababu magomvi mengi huzaliwa na kuchanganya namna hizo. Mume na mke hutegemeana, nao wakigombana kama ndiyo na siyo, nyumba yabomoka. Mwongo naye hufanya kinyume: penye ndiyo na siyo, yeye hutafuta rangi ya majivu. Akiulizwa kama amechukua mbuzi wa jirani, hajibu ndiyo wala siyo, bali husema maneno mengi juu ya kamba iliyokatika.

Aristoteli alionyesha tena kwamba mara nyingi wema husimama kati ya makosa mawili yanayopingana. Ushujaa u kati ya woga na ukaidi wa kujitupa hatarini bure. Ukarimu u kati ya ubahili na upotevu wa mali. Basi mtu aukimbiaye ubahili aangalie asianguke upande wa pili, akanywesha rafiki zake pombe kwa fedha ya dawa za watoto.

III. Falme mbili za Mani

Mwaka 216 baada ya Kristu alizaliwa mtu aitwaye Mani katika nchi ya Babeli, ambayo leo ni Iraki. Mani alifundisha kwamba tangu milele zilikuwako asili mbili, Nuru na Giza. Hakuna iliyoiumba nyingine, wala hakuna iliyo chini ya nyingine. Giza liliishambulia Nuru, na dunia hii ni mchanganyiko wa vita hiyo: roho ya mtu yatoka katika Nuru, mwili wake watoka katika Giza. Mani alikufa kifungoni katika ufalme wa Uajemi, lakini mafundisho yake yalienea mpaka China upande wa mashariki, na mpaka Afrika ya Kaskazini upande wa magharibi.

Huko Afrika ya Kaskazini, katika mji wa Tagaste ulioko katika nchi iitwayo leo Aljeria, Augustino alizaliwa mwaka 354. Mama yake, Mtakatifu Monika, alikuwa mkristu. Baba yake, Patrisio, alibatizwa karibu na kufa kwake tu. Augustino alipokuwa mtoto mchanga alitiwa alama ya msalaba na kupewa chumvi, kama ilivyokuwa desturi kwa wakatekumeni wa siku zile, lakini ubatizo wake uliahirishwa. Akaenda kusoma Kartago, mji mkubwa, na alipokuwa na miaka 19 akawafuata watu wa Mani. Alikaa nao karibu miaka 9.

Kwa nini kijana mwenye akili nyingi namna ile aliwafuata? Sababu ya kwanza ni swali lililomsumbua: Ikiwa Mungu ni mwema, ubaya watoka wapi? Watu wa Mani walikuwa na jibu jepesi. Walisema kwamba ubaya watoka katika ufalme wake wenyewe, wala Mungu hana habari nao.

Sababu ya pili Augustino aliiungama baadaye, katika kitabu chake kiitwacho Maungamo, naye hakujihurumia. Fundisho lile lilimpendeza kwa sababu lilimwondolea lawama. Alipotenda dhambi aliona raha kufikiri kwamba si yeye aliyetenda, bali asili nyingine iliyokaa ndani yake. Hapo ndipo penye sumu. Mtu asemaye, “Si mimi, ni giza lililo ndani yangu,” hawezi kutubu, kwa maana hana la kutubia. Na asiyetubu hawezi kusamehewa.

Maswali ya Augustino yalizidi. Wenzake wakamwambia amngoje mwalimu wao mkubwa, Fausto. Fausto akafika Kartago. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno matamu, lakini Augustino alipomwuliza maswali yake, Fausto alikiri kwamba hayawezi. Augustino alimheshimu kwa kukiri hivyo, ila moyo wake ulipoa. Mwaka 383 alivuka bahari kwenda Roma, na mwaka 384 akapata kazi ya kufundisha ufundi wa kusema katika mji wa Milano. Askofu wa mji huo alikuwa Mtakatifu Ambrosio.

IV. Kidonda kinapopona chaenda wapi?

Huko Milano Augustino alimsikiliza Ambrosio akieleza Maandiko Matakatifu, akasoma pia vitabu vya wafuasi wa Plato. Kidogo kidogo akaona kosa lake. Alikuwa amekisoma kitabu cha Aristoteli juu ya makundi ya mambo tangu umri wa miaka 20 hivi, wala hakikumsaidia siku zile. Sasa alifahamu kwamba watu wa Mani wamechanganya namna za kupingana. Walidhani wema na ubaya ni kama nyeupe na nyeusi, vitu viwili vilivyopo kila kimoja kwa nguvu yake. Kumbe ni kama kuona na upofu. Wema ni kitu, ubaya ni ukosefu wa wema ule uliopasa kuwapo. Kila kilichoumbwa na Mungu ni chema. Ubaya ni kuharibika kwa kitu chema.

Baadaye alitoa mfano wa kidonda. Mwili ukipona, kidonda chaenda wapi? Hakihamii mahali pengine, kama mgeni aliyefukuzwa nyumbani. Kidonda hakipo tena, kwa sababu hakikuwa mwili wa pili, bali ni nyama yenye afya iliyokuwa imeharibika. Mtu awashaye taa usiku aweza kuona jambo lile lile. Halifukuzi giza kwa fimbo, wala hamfungulii giza mlango litoke. Nuru ikiwapo, giza halipo.

Basi Mungu hana mpinzani aliye sawa naye. Shetani mwenyewe ni kiumbe, aliyeumbwa mwema akaanguka kwa kutaka kwake. Mkatekumeni asiogope kana kwamba dunia ni shamba la mabwana wawili.

Lakini mtu asiseme, “Ikiwa ubaya ni ukosefu tu, basi si kitu cha kuogopa.” Njaa nayo ni ukosefu wa chakula, na njaa yaua.

Lilibaki swali moja: Ukosefu huo uliingiaje katika moyo wa mtu? Augustino alijibu kwamba uliingia kwa njia ya utashi, yaani nguvu ya mtu ya kutaka na kukataa. Mtu hugeuka na kuacha wema ulio mkubwa kwa ajili ya wema ulio mdogo. Mwizi hapendi kitu kibaya. Mbuzi ni kiumbe chema. Ubaya wake ni kumpenda mbuzi kuliko haki na kuliko jirani.

Jambo hilo Augustino alilipima katika nafsi yake. Mwaka 386, katika bustani ya nyumba aliyokaa Milano, alitaka kumfuata Mungu, na wakati ule ule hakutaka. Watu wa Mani wangesema kwamba hizo ni asili mbili zapigana ndani yake. Augustino alisema sivyo: yeye aliyetaka ni Augustino, na yeye asiyetaka ni Augustino yule yule. Siku ile aliacha kumshtaki mwingine, na siku ile toba yake iliweza kuanza. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosio alimbatiza, pamoja na mwanawe Adeodato na rafiki yake Alipio.

V. Ngano na magugu

Augustino alirudi Afrika. Mwaka 391 alipewa upadri katika mji wa Hippo, na miaka michache baadaye akawa askofu wake. Huko alikuta mgawanyiko mwingine, si wa nuru na giza, bali wa watu safi na watu wachafu.

Chanzo chake kilikuwa mateso ya mwaka 303, Kaisari Diokletiano alipoamuru Vitabu Vitakatifu vitolewe na kuchomwa moto. Wakristu wengine walikubali kufa, wengine waliogopa wakavitoa. Amani iliporudi, watu walioitwa Wadonatisti walisema kwamba Eklezya yao ndiyo safi, na kwamba sakramenti zilizotolewa na walioogopa, au na wenye ushirika nao, si kitu. Mji mmoja ukawa na maaskofu wawili, na altare ikasimama kinyume cha altare. Katika nyumba nyingine mume alisali huku na mke kule.

Mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili walikutana Kartago mbele ya mjumbe wa kaisari. Augustino aliwakumbusha mfano wa Bwana wetu Yesu Kristu, ule wa shamba lililopandwa ngano, adui akaja usiku akapanda magugu. Watumishi walitaka kuyang'oa mara moja. Mwenye shamba aliwakataza, wasije wakang'oa na ngano, akawaambia wangoje mavuno. Kwa hiyo Augustino hakusema kwamba ngano na magugu ni sawa. Alisema kwamba kutenga si kazi ya watumishi, wala wakati wake haujafika. Tena sakramenti ni ya Kristu, si ya mtumishi aitoaye. Mkono mchafu wa mtumishi hauwezi kuitia uchafu.

Yapasa kusema kweli yote. Hatimaye Augustino alikubali kwamba sheria za kaisari zitumike kuwashurutisha Wadonatisti warudi. Eklezya haifundishi hivyo leo: Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba katika mambo ya dini mtu asishurutishwe kwa nguvu za watu. Hata mwalimu mkubwa aliona kazi ngumu kungoja mavuno.

VI. Miji miwili

Mwezi wa nane mwaka 410, Alariko, mfalme wa Wagoti, aliingia Roma na watu wake, wakaupora mji siku tatu. Wakimbizi walifika mpaka Afrika. Wapagani wakalaumu kwamba Roma imeanguka kwa kuwa watu waliiacha miungu ya zamani na kumfuata Kristu. Augustino alijibu kwa kitabu kikubwa, Mji wa Mungu. Alianza kukiandika mwaka 413, akakimaliza mnamo mwaka 426; kina sehemu 22.

Humo alitumia tena mambo mawili yanayopingana ili afahamu historia yote ya watu. Alisema kwamba kuna miji miwili, mji wa Mungu na mji wa dunia. Kinachoitenga si kuta, wala lugha, wala kabila. Ni kile ambacho moyo wapenda kupita vyote. Wa mji mmoja hujipenda wenyewe hata kumdharau Mungu. Wa mji mwingine humpenda Mungu hata kutojifikiria wenyewe.

Asiyeangalia angeweza kusema kwamba Augustino amerudi kwa Mani. Sivyo. Kwanza, watu wa miji yote miwili waliumbwa na Mungu mmoja, na asili yao ni njema. Pili, miji hiyo imechanganyika mpaka siku ya hukumu. Augustino alionya kwamba kati ya maadui wa Eklezya wamefichika watu watakaokuwa wenyeji wa mji wa Mungu, na kati ya wale wanaopokea sakramenti wamo wasiokuwa wenyeji wake. Tatu, wote wanahitaji amani ile ile ya dunia, ili walime, wale na kulala salama. Kwa hiyo mkristu haidharau sheria njema ya nchi, wala hakatai kutengeneza njia au kisima pamoja na asiyesali naye.

Lakini mji wa dunia nao wapimwa. Katika kitabu hicho imo habari ya mnyang'anyi wa baharini aliyekamatwa na kupelekwa mbele ya Mfalme Aleksanda. Mfalme alimwuliza kwa nini anawasumbua watu wa baharini. Yule akajibu kwamba yeye afanya kwa chombo kimoja kidogo, naye aitwa mwizi. Mfalme afanya yale yale kwa vyombo vingi, naye aitwa mtawala. Augustino alitumia habari hiyo kuonyesha kwamba haki ikiondolewa, ufalme haupitani na kundi la wanyang'anyi ila kwa ukubwa. Watu husema “mfalme” na “mwizi” kana kwamba ni mbingu na nchi. Kinachowatenga kwa kweli ni haki, wala si taji.

VII. Kijijini

Haya yote hayakuandikwa kwa ajili ya watu wa Kartago tu. Mtoto aweza kufa kijijini kwa homa. Kabla matanga hayajaisha, mtu mmoja asema, “Homa hii imetumwa.” Macho yamgeukia mjane mzee akaaye peke yake mwisho wa kijiji. Hana mume wa kumtetea, na watoto wake wako mbali. Usiku ule ule vijana wachukua fimbo.

Vijana hao hawajasikia jina la Mani, lakini wafuata fundisho lake. Wanaamini kwamba ubaya una watu wake, kwamba umekaa katika mwili wa yule mzee, na kwamba wakimfukuza yeye, kijiji kitabaki cheupe. Mkatekumeni aliyefahamu fundisho hili atasimama mlangoni pa mjane. Atawaambia kwamba ugonjwa ni kuharibika kwa afya, na dawa yake yatafutwa hospitali, haitafutwi kwa fimbo. Atawaambia kwamba Mungu aliyemwumba mtoto aliyekufa ndiye aliyemwumba na mzee huyu. Na kama kuna giza kijijini usiku ule, halimo katika nyumba ya mjane. Limo katika moyo wa kila anayeinua fimbo, naye aweza kuliondoa kwa kuishusha.

Ni hivyo hivyo kwa mwenyeji na mgeni. Watu husema “sisi” na “wale wa kuja” kana kwamba ni nyeupe na nyeusi. Kumbe ni namna ya kwanza ya Aristoteli, majina yanayotegemeana. Mwenyeji akivuka mto kwenda sokoni, mara amekuwa mgeni. Vita ikija akakimbia, ataomba mahali pa kulala kwa lugha asiyoijua.

Basi, mtu akiletewa mambo mawili yanayopingana, aulize maneno matatu. Je, haya yategemeana kama mti na uzi wa upinde? Kama ndiyo, ayalinde yote mawili. Je, moja ni ukosefu wa lingine, kama upofu na kuona? Kama ndiyo, asiupige ukosefu, bali alete kinachokosekana. Je, ni njia mbili ambazo haziwezi kufuatwa pamoja? Kama ndiyo, achague, naye aanze na moyo wake.

Katika Eklezya ya Milano, Ambrosio aliwakumbusha waliobatizwa jambo walilotenda usiku ule. Kwanza walimwelekea adui, yaani shetani, wakamkana uso kwa uso. Kisha waligeuka upande wa mashariki, jua litokako, wamwelekee Kristu. Augustino naye alibatizwa katika Eklezya hiyo. Aliyeelekea adui na aliyeelekea Kristu hawakuwa watu wawili. Alikuwa mtu mmoja, mwenye macho yale yale na miguu ile ile, naye aligeuka.

Maulizo

1. Kwa nini mwindaji hawezi kusema kwamba uzi na mti wa upinde ni maadui?
2. Taja namna nne za kupingana alizozieleza Aristoteli, na kila moja utoe mfano wa nyumbani kwenu.
3. Fundisho la Mani lilimzuiaje Augustino kutubu?
4. Kidonda kinapopona chaenda wapi? Jibu hilo lafundisha nini juu ya ubaya?
5. Mwenye shamba aliwakataza watumishi wasifanye nini, na kwa sababu gani?
6. Mtu akishtakiwa uchawi kijijini, mkatekumeni atasema nini na kutenda nini?